Likizo ya Siku Kumi

Markiyan, mwana wa dada yangu,
ana miaka kumi na mitatu na vidole vyepesi kuliko vyangu.
Amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda nilichopewa
na ambacho tangu nifike Poltava sijakilalia.
Anaua watu.
"Mjomba, shika hiki. Tucheze wawili."
Nikakishika kidhibiti. Kikanikaa mkononi
kama kijiko.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Kule tunakaa chini ya shule,
kati ya mitungi ya matango ya siki ya mwalimu aliyekimbia.
Betri tunazifumbata kwapani zisigande.
Navaa miwani, na ndege yangu, isiyozidi kuku kwa uzito,
inanichukua juu ya alizeti ambazo hakuna aliyezivuna.
Theluji. Mstari wa miti. Nyayo.
Bohdan ananisomea ramani huku anatafuna mkate.
"Kushoto. Kushoto tena. Huyo hapo."

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakuivaa miwani hii.
Kabla tu ya kugusa, picha hukatika,
zikajaa chenga za kijivu,
na kilichobaki nakijua kwa kusimuliwa.

Alikuja mwandishi mmoja wa gazeti, mpole, viatu safi.
Akauliza kama ni michezo ya utotoni
iliyotumaliza huruma.
Bohdan akasema ndiyo, ili aende zake.
Mimi nilikuwa namkumbuka farasi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Farasi wangu,
mwekundu, viraka vitatu vinne vya rangi,
nilimwingiza mtoni penye kina kwa kubonyeza vibaya.
Akazama. Mchezo ukauliza: unataka kuanza upya?
Mama alinikuta nalia, akadhani nimeungua.
Wiki nzima sikuigusa kompyuta.

Basi msiniambie mchezo.
Mchezo ulinifunza kumlilia farasi asiyekuwapo.

Mwezi wa Februari, mtu aliyekuwapo
alikaa ukingoni mwa shimo, bunduki kando,
akavua glovu kwa meno,
akainua mkono. Hakuwa anajisalimisha, wala hakuomba:
alijikinga jua tu,
kama mtu anayetaka kujua ni nani huyo anayekuja.
Akaniona. Yaani, aliiona lenzi.

Chenga.

Nikavua miwani, nikauliza, "Chai bado ipo?"
Ilikuwapo. Nikatia sukari vijiko viwili, nikakoroga.
Chai ilikuwa tamu.
Hilo ndilo silielewi. Ilikuwa tamu,
na nikaomba nyingine.

Mazoea hayabishi hodi.
Hayaji na sura ya kutisha ukayafungia mlango.
Huja na mkate, huja na utani wa Bohdan,
huja na usingizi mzuri wa saa nne,
na siku moja unayakuta yamevaa koti lako,
yanajibu ukiitwa jina.

"Mjomba, nyuma ya ukuta!"
Kidole gumba kilikwisha kubonyeza.
Mtu akaanguka, akafifia, akafutika; sakafu ikabaki safi.
"Mjomba, we kiboko!"
Jikoni Solomiya aliacha kukata viazisukari vyekundu.
Hakusema kitu. Nilisikia tu kisu kikitulia.

Nikamuuliza kijana, "Humu kuna farasi?"
"Farasi? Mjomba, huu mchezo wa vita."
"Hata vita vina farasi."
Akafikiri, akakuna sikio.
"Kuna mbwa. Ramani ya tatu, karibu na kisima.
Ila hapigiki. Risasi zinampita tu."
"Nipeleke."

Tukatembea kote huko, tukiacha silaha njiani
ili tuwe wepesi, na yeye akinung'unika.
Mbwa alikuwapo kweli. Anatikisa mkia, anasimama,
anatikisa tena, mkia ule ule.
Nikaketi kando yake.
Nikakiweka kidhibiti juu ya zulia.

Wakatuua mara sita.
Markiyan ndiye aliyekuwa akihesabu.